Kati ya Friji na Mapazia

Fundi alikuwa na misumari mdomoni siku alipomwomba mwanamke mmoja awe mkewe. Wanaotengeneza makochi na viti vya kumbi ndivyo wafanyavyo: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, na misumari midogo inakaa mdomoni, ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha safu ya saba, na mwanamke yuko jukwaani anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya viti mia nne vitupu. Mwanamke akasikia nyundo imenyamaza. Akamwona anatema misumari kiganjani, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi wa kumi na moja. Akadhani kitambaa kimeisha.

"Mwalimu," fundi akasema, "nikikuomba tuishi pamoja, utanionaje?"

Fundi alikuwa ameshapiga magoti tangu asubuhi kwa sababu ya kazi, kwa hiyo mwanamke hata hakujua kama magoti yale yahesabiwe au la. Alishuka ngazi za jukwaa, akasimama kwenye njia katikati ya viti, na mdomo wake, ule mdomo uliokuwa unalipwa ili useme, ukakosa la kusema.

"Nipe mwezi mmoja," akasema mwishowe.

"Mwezi si mrefu," fundi akajibu. Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea kugonga.

Hiyo ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita.

Watu walimwita Mama Akiba, ingawa hakuwa na mtoto. Alianza kama karani wa mishahara kwenye kiwanda cha viatu. Kila tarehe ishirini wenzake walikuwa wanakuja mezani kwake, wamenuna, wanauliza mshahara umeenda wapi, kana kwamba yeye ndiye aliyeuficha. Akawa anawaeleza saa ya chakula, kwa kalamu na karatasi ya kufungia maandazi. Kutoka saa ya chakula akaenda kwenye kipindi cha redio, kutoka redioni kwenye kumbi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, na watu walilipa kiingilio kuja kuambiwa wasilipe ovyo. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa meneja wake, alikuwa akisema hakuna biashara tamu kuliko hiyo.

Somo lake kubwa lilikuwa daftari. Ukikitamani kitu, aliwaambia, usikinunue. Kiandike. Andika tarehe, andika kwa nini unakitaka, na kwenye safu ya mwisho andika ni kitu gani ulicho nacho tayari kinachoweza kushika nafasi yake. Kisha kaa siku thelathini. Kikikutoka moyoni, hukukihitaji. Kikibaki, kanunue bila kujilaumu. Na ili wamwamini, kila semina alionyesha kwenye skrini ukurasa mmoja wa daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake, na watu walipenda kuona kwamba Mama Akiba naye aliwahi kutamani viatu vyekundu.

Alikuwa mwanamke wa mazoea. Jioni ile ya magoti alirudi nyumbani, akajipikia, akaosha sahani moja na kikombe kimoja, akafungua daftari. Mkono uliandika kabla kichwa hakijaamua.

*

Jumamosi hii ukumbi ulikuwa umejaa hadi safu ya nyuma. Nyuma ya pazia la jukwaa, mdogo wake alikuwa anamfunga kipaza sauti kwenye kola na kumsemesha kwa sauti ya chini.

"Dada, nimehesabu tena. Ana nne."

"Nne nini?"

"Dalili. Zile saba za mwanaume atakayekumaliza kifedha. Umeziandika wewe, sikuziandika mimi. Fundi wako hatoi risiti. Hana akaunti ya benki. Anakopesha kila rafiki anayelia. Anaanza kazi kabla hajapewa hata malipo ya awali. Watu unawaambia wakimbie wakiona mbili, wewe umeona nne na umekaa."

"Na zile tatu asizokuwa nazo?"

"Kamari, ulevi, na mke wa pili. Dada, kutokuwa na hizo hakumfanyi mtu malaika."

Alicheka bila kutaka. Mdogo wake hakucheka. Alisogeza pazia kidogo akamwonyesha safu ya mbele, ambako mwanamama mwenye suti nyeupe alikuwa amekaa wima kama aliyemeza rula.

"Yule ndiye wa kampuni ya bima. Miji kumi, mwaka mzima, na picha yako kwenye kila basi. Amekuja kukupima. Sasa nikuulize: akisikia Mama Akiba anaolewa na mtu ambaye pesa zake zinakaa kwenye kopo la gundi, atasemaje?"

"Limeoshwa hilo kopo," alisema. Mdogo wake akashika tama.

Shangazi yao, dada wa baba yao, alitokeza kichwa kutoka upande wa mlango alikokuwa anapokea tiketi. "Nyinyi wawili, watu wanapiga mluzi huko. Mtagombana nyumbani, nyumbani hakuna kiingilio."

"Ukurasa wa leo uko wapi?" mdogo wake akauliza haraka.

"Daftari liko mezani. Nimeweka alama."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la watu waliozoeana mno. Alikuwa ameweka kibanio cha karatasi kwenye ukurasa wa viatu vyekundu. Lakini daftari lilikuwa pia na utepe wake, na utepe ulikaa pale alipoandika mara ya mwisho. Mdogo wake alifungua kwenye utepe, akapiga picha kwa simu bila kusoma, maana ukurasa ni ukurasa, akaituma kwenye mashine ya kuonyesha.

Hotuba ilimwendea vizuri. Alisimulia kisa cha baiskeli kama kawaida: jinsi baba yake alivyonunua baiskeli siku ileile aliyoiona, bila mpango, na jinsi ilivyouzwa tena kabla ya wiki kwisha, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi amesimama mlangoni analia. Watu waliguna palepale walipopaswa kuguna. Fundi alikuwa safu ya mwisho kabisa, mkoba wake wa zana miguuni. Alikuwa na viti sita vya kumalizia baada ya semina. Macho yao yalikutana, akainamisha kichwa kidogo kama anayesema, endelea, nipo.

"Na sasa," alisema, "msije mkadhani ninahubiri nisichofanya. Huu hapa ukurasa wangu."

Skrini ikawaka nyuma yake. Alisubiri kicheko cha viatu vyekundu. Kilikuja kicheko kingine, kidogo, chenye mshangao, kikaenea safu kwa safu. Aligeuka.

Mstari wa juu: Friji la milango miwili. Safu ya mwisho: *Lililopo, nikibadilisha mpira wa mlango.*

Mstari wa chini: Mapazia ya sebuleni. *Yaliyopo, nikiyafua.*

Na katikati, kwa mwandiko uleule, kwa ukubwa wa ukuta mzima: Fundi. Safu ya sababu ilikuwa tupu. Kwenye safu ya mwisho palikuwa na maneno yaliyokatwa, moja chini ya jingine. *Kazi*, limekatwa. *Shangazi*, limekatwa. *Redio*, limekatwa. *Kulala mapema*, limekatwa mistari miwili.

"Fundi wa nini?" mwanaume mmoja akapaza sauti, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Alitazama safu ya mwisho ya viti. Fundi alikuwa anasoma. Alisoma polepole, kama anavyofanya kila kitu, kuanzia friji hadi mapazia. Kisha akainama, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa pembeni, akiurudisha taratibu usigonge.

"Tutapumzika kidogo mapema," Mama Akiba alisema kwenye kipaza sauti. Sauti yake yote ilikuwa imebaki ileile, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Chumba cha fundi kilikuwa chini ya jukwaa, mahali pa kuhifadhia viti vibovu. Vilipangwa hadi dari, sponji zikitoka matumboni. Alimkuta amekaa juu ya kiti kisicho na mgongo, anakunja kipande cha kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Naomba nikueleze," akasema.

"Nimesoma. Mwandiko wako unasomeka."

"Hukusoma vizuri."

"Friji, fundi, mapazia. Kuna mahali nimeruka?" Hakuwa na hasira; angalau hasira Mama Akiba angejua pa kuishika. "Uliponiambia mwezi mmoja, nilidhani unakwenda kuuliza watu wako. Au kuomba Mungu. Nikasema mwezi si mrefu. Kumbe ninakaa nikingoja kama nitakutoka moyoni."

"Ni mazoea. Kila kitu kikubwa nakiandika."

"Friji likisubiri, linasubiri dukani, Mwalimu. Halijui. Mimi nilikuwa nakuja hapa kila siku, nakuona unaniangalia, nasema labda leo. Siku kumi na mbili nasema labda leo." Aliweka kitambaa chini. "Nilimzika mke wangu miaka minane iliyopita. Sikuwahi kumwomba mtu mwingine anipende. Nimekuomba wewe. Na hukuniambia kwamba unapima kama utaacha kunitaka."

Mama Akiba alikaa kwenye kiti mbele yake. Kilikuwa kibovu, kikamwinamisha upande mmoja, na kwa muda walikaa hivyo, yeye amepinda, fundi ameangalia mikono yake.

"Unakumbuka siku ya kwanza uliponisikia?" aliuliza. "Nilikuwa nasimulia baiskeli, na ukacheka."

"Nakumbuka. Ulikuja ukasimama na mikono kiunoni. Ukaniuliza kichekesho kiko wapi."

"Na ukasema nini?"

"Nikasema, hapo unaposema ulilia, sauti yako inalia kama mtu anayelipwa kwa saa." Alitabasamu kidogo, kisha akaliondoa tabasamu. "Nilikosea adabu."

"Hukukosea. Ile baiskeli haikuuzwa."

Fundi akainua macho.

"Baba alikuwa akiona kitu leo, leo hii kiko nyumbani. Alimwona mama dukani anapima unga, siku ya tisa wakaoana. Watu walisema ni mapenzi makubwa, na yalikuwa makubwa, sitamsingizia. Nilipokuwa na miaka kumi akamwona mwingine. Siku ya tisa akaondoka. Alikuwa na baiskeli mpya. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anaiendesha mpaka kwenye kona, na alipofika kwenye kona akapiga kengele, ile kengele ya kuaga, kama mtu anayekwenda kununua gazeti." Kiti kibovu kikamwinamisha zaidi. "Siwezi kuwasimulia watu hivyo. Nikawasimulia kwamba iliuzwa. Nimesimulia miaka kumi na miwili, na wewe peke yako ndiye uliyecheka."

Juu yao nyayo za watu mia nne zilikuwa zinakwenda na kurudi, zinatafuta chai.

"Siku thelathini sikuzitunga kwa ajili ya pesa," alisema. "Nilizitunga kwa ajili ya siku tisa. Niliogopa nisije nikawa mimi ni yeye. Nikaandika jina lako, sikuweza kuandika sababu. Friji lina sababu, mapazia yana sababu. Nikaenda kwenye safu ya mwisho, nikatafuta ni kitu gani nilicho nacho kitakachoshika nafasi yako. Nilijaribu kimoja baada ya kingine. Umeona nilivyovikata."

Fundi aliokota kile kitambaa, akakikunja tena.

"Redio," akasema.

"Redio ilidumu siku tatu."

"Na kulala mapema?"

"Hicho nilikikata mara mbili."

Fundi alikuwa anataka kucheka, Mama Akiba alimwona anataka, mabega yake yalishaanza. Lakini mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wake, jasho usoni, na nyuma yake mwanamama wa suti nyeupe, na nyuma ya mwanamama shangazi aliyeshindwa kuwazuia.

"Shemeji!" mdogo wake akasema, mikono miwili mbele.

Tangu amjue, hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita fundi, na siku akiwa na haraka alimwita wewe. Fundi aliangalia nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine.

"Shemeji, umeona watu walivyopagawa? Hawali, hawanywi, wote wanauliza fundi ni nani. Nimekuwa kwenye hii kazi miaka yote, sijaona ukumbi ukishikwa hivyo." Akamgeukia dada yake. "Mama huyu ana wazo."

Mwanamama wa bima alitabasamu kwa meno yote. "Mpenzi wa siku thelathini," alisema. "Tunaanza leo. Ukirudi jukwaani, unamwita, anapanda, watu wanamwona. Kila mji tunahesabu siku. Mji wa kumi, harusi. Ukumbi mzima utakuwa unalia. Mkataba nautia saini jioni hii."

"Na zile dalili nne?" Mama Akiba alimuuliza mdogo wake.

"Tutasema zilikuwa nne, umezipunguza hadi moja. Ndiyo somo lenyewe, dada."

"Wewe mtoto," shangazi akasema kutoka mlangoni, "asubuhi ulikuwa unamkataa kwa sababu hana risiti. Sasa unamuuza, risiti utampa?" Akamgeukia fundi, akampima kutoka viatu hadi kichwa. "Na mimi sikusemi vizuri sana, mwanangu. Kaka yangu alikuwa mchangamfu kama wewe, na tuliona yaliyofuata. Lakini wewe ukitoka mlangoni unaurudisha usigonge. Hilo nimeliona leo."

"Asante, shangazi," fundi akasema, akasimama. Aliwatazama wote, kisha akamtazama mmoja. "Naomba niseme na Mwalimu. Dakika moja."

Walitoka, mdogo wake akiwa wa mwisho, akionyesha saa yake. Fundi akachukua nyundo, akaitazama, akairudisha.

"Nimeelewa daftari," alisema. "Ukitaka siku zako kumi na nane zilizobaki, chukua, nitangoja, sasa najua ninangoja nini. Ombi langu ni moja. Usinifanye mfano. Najua kazi yako, kila kinachokupata unakipeleka pale juu. Viatu, shangazi, baiskeli. Watu wanapiga makofi, na kikishapigiwa makofi kinakuwa cha wote. Na wewe mwenyewe unakisahau kilikuwaje. Ile baiskeli imeuzwa kweli, Mwalimu, umeiuza wewe, kila Jumamosi. Mimi sitaki kupigiwa makofi. Nitakaa palepale nyuma. Nikisikia nimetajwa kwenye kipaza sauti, kwa wema au kwa ubaya, nitachukua mkoba wangu, na sitarudi kumalizia vile viti."

Mama Akiba alitamani kumwambia kwamba hajui anachomwomba. Mkataba wa miji kumi ulikuwa ngazi aliyoipanda tangu siku za karatasi za maandazi. Na mdomo wake ulikuwa umeshaanza, peke yake, kukipanga kile kisa: pa kutua, pa kuchekesha, pa kulegeza sauti. Kilikuwa kisa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo.

*

Aliporudi jukwaani walimpokea kwa miluzi. Alifundisha kuhusu dharura, akafundisha kuhusu kukopeshana na ndugu, na katika kila sentensi alisikia ukumbi unangoja kitu kingine. Mwanamama wa bima alikuwa ameshatoa kalamu. Mdogo wake, kwenye meza ya sauti, alikuwa amemwandalia wimbo laini.

Wakati wa maswali, mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitambaa kwa jinsi alivyojitambulisha, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama Akiba, mimi sina swali langu, nimetumwa na hawa wote. Yule fundi wa kwenye daftari. Ametimiza siku thelathini?"

Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza wote kwa pamoja, na viti mia nne vikaacha kulia. Alijua kimya kile. Alikuwa amekitafuta miaka kumi na miwili, akakipata mara tatu au nne. Ni kimya ambacho ukikidondoshea neno moja tu, watu wanakwenda nalo hadi nyumbani. Mdogo wake alimwonyesha kidole gumba. Kule nyuma, fundi alikuwa ameshika mkoba wake kwenye mapaja. Hakuwa ameufungua, hakuwa ameufunga.

Maneno yote yalikuwa hapo, mazuri, yamejipanga. Akayameza.

"Ukurasa ule ulifunguliwa kwa bahati mbaya," alisema. "Si wa somo. Una swali la pesa, mama?"

Manung'uniko yalipita ukumbini kama kwenye nyumba iliyokatikiwa umeme katikati ya tamthilia. Mwanamama wa bima alirudisha kalamu kwenye mkoba. Mfanyabiashara wa vitambaa alibaki na kipaza sauti, hakutaka kukaa bure.

"Basi hata lile friji?"

"Friji nimeliacha," alisema. "Nimebadilisha mpira wa mlango."

Walicheka kidogo, kwa adabu, kicheko cha watu waliopewa pipi badala ya chakula. Lakini kutoka safu ya mwisho kabisa kilitoka kicheko kingine, kirefu, cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu chini ya jukwaa. Alikuwa anakijua. Kilikuwa kimemjia mara ya kwanza mwaka mmoja uliopita, kutoka kwenye viti vitupu.

Aliendelea na somo. Alipofika mahali ambapo kwa kawaida hurudia baiskeli ili kufunga, aliiruka. Akawaambia waende salama.

*

Saa kumi na moja ukumbi ulikuwa umebaki na karatasi sakafuni na jua la madirishani. Mwanamama wa bima aliaga kwa kusema atapiga simu, kwa sauti ya watu wasiopiga.

"Tumemwaga unga, dada," mdogo wake alisema, anakunja nyaya. "Tumeumwaga kwa mikono yetu. Hujaniambia hata kwa nini."

"Nitakuambia. Leo sitaki kuliweka kwenye maneno."

Alimtazama dada yake kwa muda, na labda kwa mara ya kwanza tangu amjue aliona mtu ambaye kuna kitu hakisemi. Akaweka nyaya begani. "Nne ni nyingi, lakini," alisema, akaenda. Shangazi alimfuata, na alipopita safu ya saba alimgonga fundi begani kwa bunda la vishina vya tiketi, bila kusema neno, kama anavyowagonga watoto wa nyumbani.

Fundi alikuwa kwenye kiti cha pili kati ya sita. Magoti chini, kitambaa kimevutwa kwa kiganja cha kushoto, mdomo umejaa misumari. Mama Akiba alikuja akaketi kwenye kiti cha jirani, ambacho gundi yake ilikuwa haijakauka. Aligundua akiwa ameshakaa, akaamua kubaki.

"Nimekuja kujibu," akasema.

Nyundo ikasimama.

"Bado siku kumi na nane, najua kuhesabu, ndiyo kazi yangu. Nimezihesabu zote nilipokuwa kwenye kile kimya. Nikaona kwamba nilichokuwa naogopa si kukuchoka. Naogopa kengele pale kwenye kona. Na hiyo haina siku zake, haiishi kwa kusubiri." Alikunja mikono mapajani. "Daftari halipandi tena na mimi jukwaani. Na wewe nimekutoa kwenye ukurasa. Friji na mapazia vibaki vyenyewe. Jibu langu ni ndiyo. Nataka tuishi pamoja."

Fundi alifumbua mdomo, akaufumba. Kwa misumari ile mtu hawezi kusema hata ndiyo. Akalegeza kitambaa taratibu, akaweka nyundo chini, akaweka kiganja chini ya kidevu. Akatoa mmoja. Akatoa wa pili. Macho hayakumtoka usoni. Wa tatu. Wa nne ulikuwa umejificha nyuma ya jino, akautafuta kwa ulimi, na alikuwa mtu wa kufanya kila kitu polepole.

Mama Akiba, aliyewafundisha maelfu ya watu kungoja, alikaa pale juu ya gundi mbichi, akaona kwamba yeye mwenyewe hajui kabisa kungoja. Alihesabu hadi wa saba.

"Hiyo mingine imeze," akasema.